Barabara za Mwalimu, Madirisha ya Mkewe

Katika ndoa ile kulikuwa na sheria moja tu, na iliheshimiwa kwa miaka thelathini na minne: mambo ya barabara aliamua mume, mambo ya nyumba aliamua mke. Mume alikuwa mwalimu wa udereva, na mji mzima ulimwita Mwalimu, hata wale waliojifunza kwake wakaanguka mtihani mara tatu. Mke alikuwa mshona mapazia. Jina la Mama Pazia lilikuwa limemganda kiasi kwamba binti yao wa pekee, alipoulizwa shuleni mama yake anaitwa nani, alijibu hivyo hivyo, na wala hakuona kwa nini wenzake wanacheka.

Sheria yenyewe ilizaliwa siku ya kumi na moja ya ndoa, Mwalimu alipotaka kumfundisha mkewe kuendesha gari. Somo lilidumu dakika ishirini, likaishia kwenye tangi la maji la jirani. Tangi lilipasuka, jirani akalowa chapachapa, na bibi harusi akashuka garini akasema, "Kama unataka tuzeeke pamoja, mimi na usukani tusikutane tena." Mwalimu akaona nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Tangu hapo alifundisha nusu ya mji isipokuwa mtu aliyelala naye kitanda kimoja. Mganga hajigangi.

Basi Mama Pazia akawa mtu wa kupelekwa. Alipelekwa sokoni, alipelekwa kliniki, alipelekwa kwa wateja, marobota yake ya vitambaa yakiwa yamejaa kiti cha nyuma. Hakuwa amevuka barabara kubwa peke yake tangu usichana, na hakuona kwamba amepungukiwa na chochote. Wakifika kwa mteja, yeye alipanda ngazi akatundika, na Mwalimu alivuka barabara akasimama upande wa pili akilitazama dirisha. Pazia likikaa upande, aliye ndani halioni. Huliona aliye nje. "Hivi?" mke aliuliza kwa sauti. Mwalimu aliinua mkono kidogo, au aliushusha kidogo. Likikaa sawa, alikunja mikono kifuani, na hapo kazi ilikuwa imekwisha.

Niseme mapema, maana sina cha kumficha msomaji: Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa moyo, na daktari alishamwambia kwamba akiumaliza mwaka ashukuru. Mkewe hakuambiwa, binti hakuambiwa. Sababu yake ilitoka kazini. Katika miaka yote ya kufundisha, hakupata kumtajia mwanafunzi tarehe ya mtihani mpaka asubuhi yenyewe. "Ukimwambia wiki mbili kabla," alikuwa akisema, "mikono itatetemeka wiki mbili." Njia hiyo ilifaa kwa wanafunzi wa gari. Kwa mke wa ndoa ya miaka thelathini na minne haikufaa hata kidogo, na mimi namlaumu mpaka leo, ingawa kumlaumu marehemu ni kupigana na kivuli.

Wakati huo huo binti yao alipata kazi ya zamu katika kiwanda cha dawa kwenye mji mwingine, akawaomba wazazi wahamie huko. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na watoto watatu, kwa hiyo hapakuwa na pa kuwaweka. Ikabidi watafute nyumba yao karibu naye. Mitaa ya kuchagua ilikuwa miwili, wa juu na wa chini, iliyotenganishwa na barabara ya lami na mtaro wa maji ya mvua. Ukiwasikia wenyeji ungedhani ni nchi mbili. Wa juu walisema wa chini hulala na redio za majirani masikioni. Wa chini walisema wa juu wakiishiwa chumvi hupigiana simu, maana kutoka mlango hadi mlango ni safari ya kufungasha.

Walianza juu. Nyumba ilikuwa na ua mdogo, baraza la kukaa watu wawili, na sebuleni madirisha mawili mapana yaliyotazama mashariki. Mama Pazia alisimama mlangoni. Kisha akavua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, maana alitembea nao kama wengine wanavyotembea na miwani, akaunyoosha juu ya fremu.

"Mita mbili na robo," akasema. "Mwalimu, njoo uone. Mita mbili na robo!"

Maisha yake yote alikuwa amevalisha madirisha ya watu. Ya kwake mwenyewe yalikuwa madogo, ya kumalizia vipande vilivyobaki. Sasa aliiona kabisa kazi itakavyokuwa: kitambaa kizito cha rangi ya majani makavu, mikunjo minene, kikishuka mpaka sakafuni. Kitambaa hicho alikuwa nacho. Alikihifadhi sandukuni miaka sita akingoja dirisha la kukistahili.

Mwalimu alikuwa nje getini na mwenye nyumba.

"Duka la karibu liko wapi?"

"Hapo tu, mzee. Kwa gari dakika tano."

"Zahanati?"

"Kwa gari hata kumi hazifiki."

"Na mtu asiye na gari?"

Mwenye nyumba akacheka. "Si unalo gari, mzee wangu? Lile pale!"

Mwalimu hakucheka. Aliendelea kuitazama barabara, iliyoteremka bila njia ya miguu wala kivuli mpaka ilipokata kona. Akashukuru, akaagana, akaenda kumwita mkewe ambaye bado alikuwa anapima.

Nyumba ya mtaa wa chini ilikuwa ghorofani, juu ya kibanda cha fundi viatu. Ilipandwa kwa ngazi kumi na nne zenye mkono wa chuma. Sebule ilikuwa na dirisha moja jembamba lililotazama barabarani. Mama Pazia akalipima kwa adabu tu, kama mtu anayemsalimia mgeni asiyempenda.

"Sentimita themanini," akasema. Akageuka huku na huku. "Hii ni nyumba au kabati?"

Mwalimu hakuwamo ndani. Alipochungulia nje alimwona mumewe barabarani akitembea polepole, midomo ikicheza. Alikuwa akihesabu hatua kutoka ngazi mpaka dukani, akarudi, akahesabu tena mpaka kwenye duka la dawa, akarudi, akahesabu mpaka kwenye kivuko. Mama Pazia akadhani mumewe anazeeka.

Waliongea garini, kabla injini haijawashwa.

"Ya juu," akasema mke.

"Ya chini," akasema mume.

"Acha utani, Mwalimu. Nina njaa."

"Sitanii. Nimeshampa mwenye nyumba neno langu."

"Lini?"

"Ulipokuwa unapima."

Mama Pazia aliukunja utepe wake wa kupimia. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, na Mwalimu angeona afadhali apige kelele. "Miaka thelathini na minne sijawahi kukuambia upite njia ipi. Hata siku ulipotupoteza saa tatu nzima, nina mimba ya miezi minane na miguu imevimba, nilisema moyoni, barabara ni zake. Leo wewe umeingia kwenye madirisha yangu."

"Mtaa ni mzuri, bibie. Utaona."

"Mzuri kwa nani?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alikifungua kinywa kabisa, mkono wake ukiwa kwenye ufunguo. Angesema, mke angelia, wangelia wote, na pengine wangehamia huko huko chini, tena wakiwa wameshikana mikono. Mwalimu akawasha gari.

"Funga mkanda," akasema.

Walihamia mwanzoni mwa mwezi. Mama Pazia alipanga vyombo, akatandika vitanda, akasafisha mpaka pembe za makabati, lakini dirisha la sebuleni alilitundikia shuka kuukuu la mistari ya buluu, kwa misumari miwili. Wateja wake wa zamani wangeliona wangezirai. Kitambaa cha majani makavu kilibaki sandukuni.

"Bibie," Mwalimu alimuuliza siku moja, "hayo mapazia ni lini?"

"Kabati halihitaji pazia."

Mwalimu alicheka kidogo. Hakuuliza tena, na mkewe alikuwa anangoja aulize.

Wiki ya pili aliuza gari. Alisema macho yamechoka. Mama Pazia aliliangalia likiondoka na kibao chake cha mwanafunzi juu ya paa, na hakumuuliza mumewe neno, kwa sababu barabara zilikuwa zake na yeye, tofauti na watu wengine, alijua kuheshimu mipaka.

Kisha yakaanza matembezi. Kila siku saa tatu asubuhi Mwalimu alisimama mlangoni na kofia yake. Walikwenda dukani, walikwenda zahanati, kituo cha basi, kwa binti yao nyuma ya kinu cha kusaga. Njia nzima Mwalimu alizungumza. "Hapa usiangalie taa, angalia magurudumu ya gari, taa hudanganya. Hapa shika ukuta, sakafu inateleza mvua ikinyesha. Huyu wa duka la dawa hufunga saa saba, usije saa saba." Mama Pazia alifuata nyuma na goti lake bovu, akiona anafanywa mtoto.

Baada ya mwezi mmoja Mwalimu aliacha kueleza, akawa anauliza. "Sasa tunapinda wapi?" "Lile lori limetuona?" Mama Pazia alijibu kwa neno moja moja. Alikuwa ameshaijua njia, na hilo nalo lilimuudhi.

Mwezi wa tatu Mwalimu akanyamaza. Walitoka, wakavuka, wakanunua, wakarudi, naye hakusema kitu. Alitembea nusu hatua nyuma yake, mikono mgongoni, akitazama paa za nyumba. Siku ya kwanza Mama Pazia aliona ni uchovu. Siku ya nne alijua kwamba amechokwa. Kimya kingi kina mshindo, alijiambia, akangoja mshindo. Haukuja. Basi akaamua kwamba dawa ya moto ni moto, akanyamaza naye.

Si kwamba hawakusemeshana kabisa. "Chai hii hapa." "Ahsante." "Mtoto amepiga simu." "Hajambo?" Wangeweza kuwa abiria wawili waliokalishwa kiti kimoja. Yeye alikuwa na mengi ya kusema, na mengine yalikuwa mazuri. Alitaka kumwambia kwamba mwanamke wa duka la vitambaa, mlango wa sita, alimtambua kuwa ni fundi kwa jinsi alivyoshika mkasi. Alitaka kumwambia kwamba redio za majirani hazikuwa mbaya kama ilivyosemwa. Lakini kusema hayo kungekuwa kukiri kwamba mtaa ni mzuri, na kiburi ni mpangaji asiyehama kirahisi.

Asubuhi moja Mwalimu hakuvaa kofia. Alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha.

"Leo nenda mwenyewe," akasema. "Niletee dawa yangu ya kifua."

Alimwambia ni kikohozi. Mama Pazia alichukua kikapu, akashuka ngazi kumi na nne, akavuka barabara kubwa peke yake kwa mara ya kwanza tangu usichana. Alirudi na dawa, moyo unamdunda, amejaa fahari asiyojua aipeleke wapi. Akaiweka dawa mezani.

"Hii hapa," akasema, akaingia jikoni.

Ikawa hivyo kila siku, karibu wiki tatu. Alitoka peke yake, akarudi peke yake. Hakuinua macho kulitazama dirisha hata mara moja, kwa kuwa alijua angeliona shuka lile, na shuka lile lilikuwa limeanza kumwaibisha.

Jumanne ya wiki ya tatu Mwalimu alisema, "Njia njema, bibie." Hakuwa na kawaida ya kusema hivyo. Mama Pazia alilisikia neno, akataka kugeuka, akaona akigeuka atakuwa ameshindwa. Akafunga mlango taratibu bila kujibu. Aliporudi na mkate, Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, mkono mmoja umeanguka pembeni, na alikuwa ameshakufa.

Aliweka mkate chini na kusema, "Ahsante." Ndilo neno alilopaswa kujibu mlangoni. Akalirudia mpaka majirani walipokuja kumshika.

Siku ya pili baada ya mazishi, watu wakiwa bado wanaingia na kutoka kutoa pole, alikuja muuguzi wa ile zahanati, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kazini. Aliwahi kuishi mji wa zamani, na udereva alijifunza kwa Mwalimu kabla ya kuhamishiwa huku. Alikaa kwenye mkeka karibu na Mama Pazia, akamshika mkono.

"Pole sana, mama yangu. Angalau mlikuwa mmejiandaa."

"Kujiandaa kwa nini, mwanangu? Kikohozi?"

Muuguzi akamtazama binti, binti naye akatikisa kichwa kwamba hajui. Hapo ndipo walipojua wote wawili. Muuguzi aliwaeleza polepole: moyo, mwaka mmoja, faili lililoletwa kutoka mji wa zamani. "Alinipigia simu kabla hamjahama. Aliniuliza, mtu mwenye goti bovu akitembea kutoka kwa fundi viatu mpaka zahanati ni dakika ngapi? Nikamwambia kumi na moja. Akaniuliza na kutoka mtaa wa juu. Nikamwambia, Mwalimu, kutoka juu hafiki kwa miguu."

Binti alianza kulia. Mama Pazia hakulia. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Amekufa amenikasirikia," akasema. "Alininyamazia. Tumetembea mwezi mzima hanisemeshi. Na mimi nikamnyamazia."

"Alikunyamazia njiani?" muuguzi akauliza. "Mikono mgongoni, anatazama juu?"

"Umejuaje?"

"Mama." Muuguzi alimshika na mkono wa pili. "Sisi sote tuliofundishwa naye tunakijua kimya hicho. Mwanzo anakueleza, halafu anakuuliza, halafu ananyamaza, anatazama nje kama hayupo. Tulikuwa tunakingoja kama mvua. Mwalimu hakuwa akimnyamazia mtu ila aliyefaulu."

Nimesema namlaumu Mwalimu. Lakini hebu fikiria: mtu mmoja ametumia pumzi yake ya mwisho kumwambia mkewe umefaulu, kwa lugha aliyoijua kila mtu mjini isipokuwa yeye, kwa sababu siku ya kumi na moja ya ndoa aliligonga tangi akaacha masomo. Na mke naye, kwa miezi miwili, akamlipa kimya cha aina nyingine. Mama Pazia alilia siku hiyo mpaka jioni, na hakuna aliyejaribu kumnyamazisha.

Binti alimtaka akakae naye, watoto wangebanana. Alikataa. "Nyumba hii nimetafutiwa," akasema.

Alianza kwenda kila mahali mwenyewe. Saa saba hakwenda duka la dawa. Kwenye kivuko aliangalia magurudumu, hakuangalia taa. Watu wa mtaa walisema mama yule kama amezaliwa hapa, na kila aliposikia hivyo alijisikia vibaya zaidi.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi alipanda kwenye kigoda kulitoa lile shuka. Alipolishika akaona kwamba pembe ya chini, upande wa kiti, ilikuwa nyeusi na imelegea. Palikuwa na alama za vidole, moja juu ya nyingine, kwenye kimo cha mtu aliyekaa. Mwalimu alikuwa akiiinua kila siku kumtazama akivuka, na kila siku mkewe alikuwa akipita na macho chini. Alishuka kwenye kigoda akakaa sakafuni na shuka mapajani, na hakulifua. Alilikunja vile vile na uchafu wake, akaliweka sandukuni pale kilipokuwa kitambaa cha majani makavu.

Kitambaa akakitoa. Kilikuwa kingi mno kwa dirisha la sentimita themanini, lakini hakukikata. Alikikusanya kwa mikunjo minene, akashona siku mbili. Pazia likawa zito na zuri kupita chumba chenyewe. Akalitundika asubuhi, saa tatu, akarudi nyuma kulitazama. Kwa ndani halikuonekana kama limekaa upande.

Akashuka ngazi kumi na nne. Akavuka barabara, akasimama ng'ambo, akatazama juu. Upande wa kushoto ulikuwa chini kidogo. Akarudi, akapanda, akainua, akashuka, akavuka. Sasa wa kulia. Fundi viatu akamwangalia akipita mara ya tatu, akamwamkia, akaendelea kushona soli. Goti lilikuwa linamuuma.

Alikuwa amefikiriwa kila kitu. Duka, dawa, zahanati, binti, hatua zote zimehesabiwa, kila jambo la kutosha mtu mmoja. Hili la pazia Mwalimu hakulikumbuka, au alilikumbuka akakosa la kufanya.

Akapanda tena, akasimama juu ya kigoda, akalishika pazia upande wa kushoto na kuliinua kidogo. Akatazama ng'ambo ya barabara, mahali alipokuwa amesimama yeye mwenyewe dakika moja iliyopita.

"Hivi?" akauliza.